Mionzi kwa limfoma ya jicho: maswali mnayoniuliza kila siku

Tangu mama mdogo amalize mionzi pale Ocean Road, hospitali ya kansa Dar es Salaam, ndugu na majirani wananiuliza maswali yaleyale, wengine kwa woga kabisa, nikaona niyajibu hapa maana najua kuna mtu sa hivi yupo nyumbani anaogopa kwenda.

Limfoma si ya matezi jamani, jichoni imefikaje?
Ni kansa ya chembe nyeupe za damu, na hizo zipo mpaka kwenye ngozi laini ya jicho na tezi ya machozi. Ya jichoni mara nyingi ni aina inaitwa MALT, inakua taratibu mno ndo maana inadanganya watu. Mama mdogo ukimvuta kope la chini unaona kinyama cha pinki, laini kama ufizi wa mtoto, hakiumi, akakaa na dawa za matone karibu mwaka mzima.

Wanajuaje ni kansa?
Wanakata kinyama kidogo kikapimwe, alafu CT scan, yaani picha za ndani ya mwili, kuona kama ipo kwingine.

Mionzi si itamuua jicho?
Hapana, na hili ndo linalochelewesha watu. Limfoma hii inasikia mionzi haraka kwa hiyo dozi ni ndogo, kawaida grei 24 (grei ni kipimo cha mionzi) zinagawanywa mara 12, wengine wanapewa grei 4 tu kwa mara 2, wakati kansa nyingi za shingoni zinafika grei 60 na zaidi. Kwanza anatengenezewa maski, plastiki wanailainisha kwenye maji ya moto wanamfunika nayo usoni ikiwa vuguvugu, ikipoa inakuwa ngumu na sura yake ipo pale, hiyo inamshika asitikisike. Mashine yenyewe ni dakika chache, hasikii maumivu. Kansa ikiwa juujuu wanaweza kukinga lenzi ya jicho kwa kipande cha madini ya risasi.

Akirudi nyumbani abebe mjukuu?
Abebe! Mionzi inatoka kwenye mashine, ikizimwa imeisha, haibaki mwilini.

Madhara je?
Ngozi inakuwa nyekundu, kope zinaweza kunyonyoka, jicho linakauka kama lina mchanga, aombe matone ya kulainisha asivumilie. Miaka ikipita anaweza kupata mtoto wa jicho, huyo anafanyiwa oparesheni. Na kliniki asiache hata jicho likiwa safi kabisa, maana limfoma hii inaweza kutokea jicho la pili au sehemu nyingine baada ya miaka mingi.