Maana ya "daraja la kati" katika kamera za DSLR

DSLR ni kamera ya dijitali yenye kioo ndani yake. Mwanga ukishapita kwenye lenzi hupiga kioo hicho na kupandishwa hadi kwenye tundu la kuchungulia. Ukibonyeza, kioo hunyanyuka, shata, yaani pazia lililo mbele ya sensa, hufunguka na mwanga ukaifikia sensa, kile kipande kinachonasa picha. Daraja la kati ni zile zilizo baina ya kamera za wanaoanza na za kazi nzito: Nikon D7200 na D7500, Canon 80D na 90D. Zote hizi zina sensa ya APS-C, ndogo kuliko ile ya milimita 36 kwa 24.

Wauzaji hupenda kutaja megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha, lakini daraja halipimwi hivyo. Nikon D3500, ya wanaoanza, ina megapikseli 24.2, D7500 iliyo juu yake ina 20.9. Unacholipia ni mwili wa kamera.

Tazama shata. Ya D3500 inaishia 1/4000 ya sekunde, ya D7500 inafika 1/8000. Sasa mpige mtu picha ufukweni Paje, Zanzibar, saa sita mchana, ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga) 100, tundu la lenzi f/1.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni pana) ili nyuma yake pafifie. Jua la utosi linataka takriban 1/8000, na mchanga mweupe unaweza kudai zaidi. Kwa 1/4000 picha inaungua: kanzu inabaki weupe mtupu, darizi ya shingoni haionekani, na hakuna programu ya kuirudisha. Itakubidi ufunge filta ya kupunguza mwanga, au ubane tundu hadi f/2.8 na kule nyuma kuzidi kuonekana.

Halafu magurudumu. Daraja la kati lina mawili, moja la shata na jingine la tundu. Bwana harusi akitoka msikitini kwenye kivuli na kuingia juani, unarekebisha vyote bila kuondoa jicho. Kwenye D3500 gurudumu ni moja, kwa hiyo ushike kitufe huku unazungusha. Mpaka umalize, keshapanda gari.

Mtego wa Nikon ni mota ya fokasi, ile inayosogeza lenzi ili picha iwe kali. D7200 na D7500 zinayo mwilini, D3500 haina. Lenzi ya 50mm f/1.8D itaingia kote, ila kwenye D3500 fokasi utaizungusha kwa mkono. Kwa Canon hakuna mtego huo: lenzi zake za EF zina mota zao wenyewe.

Kwa harusi, D7200 ya 2015 ni bora kuliko D7500 ya 2017, maana ina nafasi mbili za kadi za SD, D7500 ina moja. Ukiipanga iandike kwenye zote mbili, kadi moja ikifa, picha zipo kwenye nyingine.

Ukinunua iliyokwishatumika, uliza shata imepiga mara ngapi. Ya D7200 na ya D7500 zimejaribiwa hadi mara 150,000, na Nikon huandika idadi ya mapigo ya kamera husika ndani ya faili la picha. Kisha, kwa unyevu wa visiwa hivi, mulika lenzi kwa tochi ya simu kutoka nyuma. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Usiichukue hata bei ikishushwa nusu: kuvu hula ile kinga iliyopakwa juu ya kioo, na fundi akisafisha, alama hubaki.