Ndimu Haiwezi Kumpika Chaza

Kuanzia Feri hadi Msasani, jijini Dar es Salaam, wapo wengi wanaoamini kwamba chaza mbichi akikamuliwa ndimu na kutiwa pilipili huwa salama sawa na aliyepikwa. Imani hiyo ina chanzo kinachoeleweka, maana asidi ya ndimu kweli hubadili protini za nyama hata ikaonekana nyeupe, kana kwamba imepita motoni. Hata hivyo, chaza hula kwa kuchuja maji ya bahari, hivyo bakteria aina ya vibrio, pamoja na virusi vinavyoletwa na majitaka, hukusanyika ndani ya mwili wake, ambako ndimu haifiki vya kutosha. Pilipili nayo huongeza ladha tu. Msomaji anaweza kujihakikishia kwa kukamulia ndimu kipande kinene cha samaki, kusubiri dakika 5, kisha kukikata katikati, naye ataona kwamba ndani kungali kubichi. Harufu njema pia si ushahidi, kwa kuwa vimelea hivi havinuki. Kinachotegemewa ni moto: magamba yakishafunguka katika maji yanayochemka, chaza aendelee kuchemshwa kwa dakika 3 hadi 5, na asiyefunguka atupwe. Ninalisisitiza hili hasa kwa wenye ugonjwa wa ini, kwa sababu baadhi ya vibrio huweza kuwaua.