Njia ya Msalaba: maana yake, na kwa nini watu huitembea

Ingia kanisa Katoliki saa ambazo halina mtu, uangalie kuta zake za pembeni. Utaona picha ndogo au sanamu za kuchongwa, aghalabu saba upande huu na saba upande ule, kila moja ina msalaba mdogo na namba ya Kirumi. Wengi hudhani ni mapambo. Kwa kweli ni barabara iliyokunjwa ikatundikwa ukutani.

Barabara hiyo ndiyo Njia ya Msalaba. Ni ibada ambayo waamini hufuata, hatua kwa hatua, safari ya mwisho ya Yesu tangu alipohukumiwa afe mpaka alipolazwa kaburini. Safari imegawanywa vituo 14, na kwenye kila kituo watu husimama, husikiliza, huomba, kisha husogea. Hufanyika zaidi siku za Ijumaa katika Kwaresima, na hasa Ijumaa Kuu. Si Misa: hakuna mageuzo (mkate na divai kugeuzwa Mwili na Damu ya Kristo) wala Komunyo, na padre akikosekana, katekista au mwamini yeyote anaweza kuiongoza. Waanglikana wengi wanayo pia, na baadhi ya Walutheri. Mtu mmoja anaweza kuisali peke yake, ila kwa maoni yangu ladha yake hutoka pale watu wanapokuwa wengi.

Namna inavyokwenda ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Mmoja anabeba msalaba, wawili wako kando yake na mishumaa. Kiongozi anataja kituo: "Kituo cha kwanza, Yesu anahukumiwa afe." Halafu anasema, "Ee Yesu, tunakuabudu, tunakushukuru," na watu wote wanapiga goti wakiitikia, "Kwa kuwa umewakomboa watu kwa msalaba wako mtakatifu." Yanasomwa maneno mafupi ya tafakari. Baba Yetu, Salamu Maria, ombi la kuhurumiwa, na neno moja kwa ajili ya marehemu. Kisha wimbo, ubeti mmoja tu, na wakati unaimbwa msalaba unasogea hadi kituo kinachofuata. Hayo yote mara 14. Kituo cha pili au cha tatu mtu bado anaangalia nani amekuja na nani hakuja. Kufika cha tisa, magoti yamekwisha kujua kinachoendelea hata kama kichwa kinatangatanga, na sauti ya kundi zima likiinama na kuinuka kwa pamoja imekuwa nzito kuliko maneno yanayosomwa.

Hapo ndipo ilipo siri ya ibada hii: ni mwili unaosali. Historia yake inaonyesha hivyo hivyo.

Mwishoni mwa karne ya 4, kati ya mwaka 381 na 384 hivi, mwanamke mmoja aliyeitwa Egeria alihiji Yerusalemu na kuandika alichokiona. Anasimulia jinsi watu walivyokesha usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu, wakashuka pamoja na askofu wao hadi Gethsemane. Yalipokuwa yakisomwa maneno ya Injili kuhusu kukamatwa kwa Bwana, watu waliomboleza kwa sauti kubwa kiasi kwamba kilio kilisikika karibu kufika mjini. Vituo 14 havikuwapo bado. Kulikuwa na umati, usiku, somo na miguu, na hiyo ilitosha.

Karne zikapita. Mwaka 1342 Papa aliwakabidhi Wafransisko, watawa wa shirika la Mtakatifu Fransisko, ulinzi wa mahali patakatifu, nao wakawa wenyeji wa mahujaji. Njia inayoonyeshwa leo Yerusalemu, wanayoiita Via Dolorosa, yaani Njia ya Mateso, ina urefu wa mita 600 hivi, na vituo vitano vya mwisho vimo ndani ya Kanisa la Kaburi Takatifu. Kila Ijumaa alasiri Wafransisko huipita kwa maandamano, katikati ya maduka na wapita njia wenye shughuli zao. Nadhani hata siku ile ya kwanza ilikuwa hivyo: mtu anapelekwa kuuawa, na pembeni biashara inaendelea.

Lakini ni wangapi wangeweza kufika Yerusalemu? Safari ilikuwa ndefu, ya gharama na ya hatari. Kwa hiyo watu waliorudi salama wakaanza kuijenga njia hiyo kwao. Huko Nuremberg, Ujerumani, mchongaji Adam Kraft alichonga vituo saba vya mawe, vikapangwa kutoka lango la mji kuelekea makaburini. Idadi ya vituo haikuwa imeafikiwa: wengine walikuwa na saba, wengine walipita 30. Ni Papa Klementi XII aliyeiweka kuwa 14 mwaka 1731, akaruhusu vituo viwekwe katika makanisa yote, si ya Wafransisko peke yao kama ilivyokuwa mwanzo. Mfransisko Leonardo wa Porto Maurizio alihimiza ibada hiyo kwa bidii ya ajabu, akasimamisha Njia za Msalaba zaidi ya 570 katika maisha yake, mojawapo ndani ya magofu ya Colosseum, uwanja wa kale wa michezo huko Roma, mwaka 1750. Mpaka leo Ijumaa Kuu usiku Papa huongoza au hushiriki Njia ya Msalaba mahali hapo hapo.

Jambo moja dogo linalosahaulika: kwa sheria ya ibada hii, kinachofanya kituo ni msalaba, wala si picha. Picha ni desturi ya kumsaidia mtu kutafakari. Kanisa maskini lenye misalaba 14 ya mbao ukutani lina Njia ya Msalaba kamili. Na mwendo nao ni sehemu ya masharti ya kupata rehema (msamaha wa adhabu ya dhambi zilizokwisha kusamehewa) inayoambatana na ibada: mtu ahame kutoka kituo hadi kituo. Watu wakiwa wengi hawawezi kuhama wote, yatosha kiongozi ahame nao wageuke kumfuata. Lakini lazima mtu fulani atembee.

Sasa tuje kwenye maana. Maneno matatu hurudi kila mara katika ibada hii: dhabihu, huzuni na toba. Watu huyachanganya, na yakichanganywa ibada nzima inapinda.

Dhabihu ni kile kinachotolewa kwa Mungu na hakirudi tena mkononi. Imani ya Kikristo inasema Yesu alijitoa mwenyewe, na Waraka kwa Waebrania unasisitiza kwamba alifanya hivyo mara moja tu, ikatosha kwa wote. Basi anayefanya Njia ya Msalaba haongezi kitu katika dhabihu ile, wala harudii. Anaikumbuka akiwa amesimama karibu nayo. Ndiyo maana kituo cha tano kinanivutia. Simoni wa Kirene hakujitolea. Marko anasema alikuwa akitoka shamba, akapita tu, wakamshurutisha auchukue msalaba. Kisha Marko anaongeza neno ambalo halikuwa na haja ya kuwapo: huyu ni baba yao Iskanda na Rufo. Inaonekana wasomaji wa kwanza waliwajua vijana hao. Mzigo ambao baba yao alilazimishwa kuubeba kwa dakika chache uliwaachia jina.

Huzuni nayo ina hatari yake. Ni rahisi sana kwa ibada hii kugeuka kilio cha kumwonea Yesu huruma. Nyimbo zake ni za taratibu, maneno ni mazito, na kati ya kituo na kituo mahali pengi huimbwa beti za Stabat Mater, utenzi wa Kilatini wa Zama za Kati unaomwonyesha Mama Maria amesimama chini ya msalaba. Machozi yanakuja yenyewe. Mtu anatoka amelia, moyo umepoa, anadhani kazi imekwisha. Niliwahi kutoka hivyo mimi, nikafika nje na kumkaripia mtu aliyesimama njiani kwangu kabla hata mishumaa haijazimwa mle ndani.

Kituo cha nane kipo kwa ajili ya watu kama mimi. Akina mama wa Yerusalemu wanamlilia Yesu, naye anageuka. Wakati huu ameshaanguka mara mbili, uso umejaa damu, na mtu wa kawaida angepokea huruma yoyote anayopewa. Yeye anasema, kwa maandishi ya Luka: "Enyi binti za Yerusalemu, msinililie mimi, bali jililieni nafsi zenu na watoto wenu." Halafu anaongeza fumbo kali: kama wanatenda hivi katika mti mbichi, itakuwaje katika mkavu? Hakuwafukuza wala kuyadharau machozi yao. Aliyageuza upande tu. Ukinishika nikuchagulie kituo kimoja kinachofafanua ibada nzima, nitakupeleka hapo, wala si Kalvari, pale aliposulubiwa.

Kuyageuza machozi upande huo ndiko kunakoitwa toba. Mafundisho ya Kanisa hutofautisha majuto kamili, yanayotokana na kumpenda Mungu aliyekosewa, na majuto yasiyo kamili, yanayotokana na hofu ya adhabu au aibu ya dhambi. Yote mawili yana thamani. Lakini hata majuto kamili si kipimo cha huzuni ya mtu. Sala ya kutubu inayofundishwa watoto inalisema wazi: baada ya "nimetubu sana", inafuata "sitaki kukosa tena, nitafanya kitubio", na mwisho "naomba neema yako nipate kurudi". Kurudi ni kitenzi cha miguu. Toba yenyewe, kwa asili ya neno, ni kugeuka na kurudi ulikotoka. Ndiyo maana haikai vibaya kwamba ibada ya toba inafanywa kwa kutembea, na kwamba inafanywa na wengi: mwenye kosa kubwa na mwenye kosa dogo wanapiga goti kwa sekunde ile ile, na hakuna anayeulizwa limemleta lipi.

Kuna swali ambalo huulizwa kila mwaka, mara nyingi na ndugu wa madhehebu mengine: mbona mengine hayamo katika Biblia? Ni kweli, hayamo. Injili hazisemi Yesu alianguka mara tatu, wala hazimtaji Veronika aliyempangusa uso, wala hazisimulii alivyokutana na Mama yake njiani. Hayo ni mapokeo na tafakari za mahujaji. Mwaka 1991, Papa Yohane Paulo II aliongoza pale Colosseum Njia ya Msalaba ya mpangilio mwingine, yenye vituo 14 vinavyotokana na Injili moja kwa moja. Inaanzia Gethsemane, ina kituo cha Petro akimkana Bwana wake na kingine cha mhalifu aliyeahidiwa paradiso. Ni mpangilio mzuri, na parokia inaweza kuutumia. Mimi hubaki na ule wa zamani kwa sababu moja: maanguko matatu. Mtu aliyewahi kutubu dhambi moja mara nyingi anajua kwa nini watu wa kale waliona anguko moja halitoshi.

Kituo cha 12 hakina mengi ya kueleza. "Yesu anakufa msalabani." Watu wote wanapiga magoti na kunakuwa kimya. Kiongozi mzuri huuacha ukimya huo urefuke mpaka watoto waanze kugeuza vichwa kuona kama amesahau ukurasa.

Kisha anashushwa, anazikwa, na ibada inaishia hapo, kaburini. Wengine huongeza kituo cha 15, cha ufufuko, wakisema si vema kumwacha Bwana mautini. Nawaelewa, ila naona wana haraka. Ijumaa ina kazi yake, na ufufuko una usiku wake, Mkesha wa Pasaka, na moto wake, na mshumaa wake mkubwa. Baada ya kituo cha 14 msalaba hurudishwa mbele, mishumaa miwili huzimwa, na watu hutoka bila wimbo wa kufunga. Mlangoni hakuna anayeaga kwa sauti.