Kusaini fomu ya utafiti si kujifunga

Mtafiti wa chuo kikuu cha umma akibisha hodi Dunda au Magomeni, Bagamoyo, wengi huogopa fomu ya ridhaa kama mkataba wa mkopo: ukishasaini, umenasa. Sivyo. Fomu hiyo humbana mtafiti. Wewe unaweza kujitoa siku yoyote bila kutaja sababu, na matibabu yako zahanati hayaguswi.

Bagamoyo si ngeni kwa mambo haya. Yenyewe na Korogwe zilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S, katika nchi 7 za Afrika.

Kabla ya kusaini, usomewe yote kwa Kiswahili. Uliza: damu kiasi gani, tone la kidoleni au chupa? Itatunzwa wapi, mpaka lini? Asiyejua kuandika huweka dole gumba mbele ya shahidi asiye wa timu ya utafiti. Nakala moja ni yako. Hapo ndipo wengi hupunjwa, maana karatasi zote hurudi mkobani, na namba ya simu ya kamati ya maadili, inayolinda haki za washiriki wa utafiti, huondoka nazo.

Barua ya mtendaji wa kata (wapo wanaoitoa kama ngao) humruhusu mtafiti kuingia mtaani tu. Haitoi ridhaa kwa niaba yako.

Dodoso libebe namba, si jina lako. Orodha inayounganisha viwili hivyo hufungiwa kando. Orodha ikishaharibiwa, majibu yako hayatambuliki tena, hivyo hayawezi kuchomolewa. Kujitoa unaweza siku yoyote, ila ukitaka na majibu yako yaondolewe, wahi.