Je, Wajua? Plastiki Inayooza Huzuia Umeme, na Ukiivuta Huuzalisha

Wengi hudhani plastiki inayooza haifai kuzuia umeme. Hoja yao ni kwamba kitu kinacholiwa na vijidudu ni dhaifu, na kilicho dhaifu lazima kivujishe. Lakini kuoza na kupitisha umeme ni mambo mawili tofauti kabisa. Umeme hupita penye elektroni au ayoni (atomi zenye chaji) zilizo huru kutembea. Kuoza kunategemea kama maji na vimeng'enya vinaweza kuikata minyororo ya polima, yaani molekuli ndefu zinazounda plastiki. Mnyororo unaweza kuwa rahisi kukatika, na bado elektroni zake zote zikawa zimeshikwa barabara.

Ushahidi upo tangu zamani. Mwaka 1831, Michael Faraday alipoonyesha jinsi sumaku inavyozaa umeme, nyaya za pete yake ya chuma zilitenganishwa kwa uzi na kitambaa cha pamba. Hadi leo, nyaya ndani ya transfoma kubwa huzungushiwa karatasi iliyoloweshwa mafuta. Karatasi ni selulosi, nayo ukiifukia udongoni huoza. Ndani ya transfoma hudumu miongo kadhaa, mradi isipate maji.

Ndivyo ilivyo pia kwa polilaktiki, au PLA, plastiki inayooza inayotokana na sukari ya mahindi au miwa. Ikiwa kavu ni kizuizi kizuri cha umeme, ingawa ikikaribia nyuzi 60 za Selsiasi hulainika na uzuiaji wake hupungua. Unyevu nao huupunguza uzuiaji huo.

Ajabu yenyewe ni kwamba utando wa PLA ukivutwa huzalisha chaji. Tabia hii, pizoelektriki, iligunduliwa kwenye fuwele mwaka 1880 na ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie. Mjapani Eiichi Fukada aliithibitisha kwenye mbao mwaka 1955, kisha akaikuta kwenye mfupa na baadaye kwenye PLA.

Katika kila kiungo cha mnyororo wa PLA, oksijeni ina uhasi kidogo na kaboni iliyoshikana nayo ina uchanya kidogo. Plastiki nyingine za pizoelektriki hulazimika kwanza kupigwa volti kubwa ili jozi hizo zielekee upande mmoja. PLA haihitaji, kwa sababu mnyororo wake umejisokota. Fikiria sanduku la parafujo zilizochongwa hesi za upande mmoja. Zimwage ovyo, nyingine vichwa juu, nyingine vichwa chini: hesi zinabaki kuzunguka upande uleule. Vivyo hivyo, minyororo ya PLA ikielekea juu au chini, ikisukumwa mshazari yote hujibu kwa chaji ya alama moja.

Neno ni hilo: mshazari. Ukikata kipande sambamba na minyororo kisha ukakivuta, hupati kitu juu ya uso wake. Kikate kwa pembe ya nyuzi 45, chaji inatokea. Ni ndogo, kama pikokulombi 10 (sehemu 10 za trilioni za kulombi, kipimo cha chaji) kwa kila nyutoni ya nguvu, lakini inatosha kwa vihisi vya kupima shinikizo mwilini, ambavyo baadaye huyeyuka bila kuhitaji upasuaji wa kuvitoa.

Na kiungo kinachoipa PLA chaji hiyo, kiungo cha esta, yaani pale kaboni iliposhikana na oksijeni, ndicho hichohicho ambacho maji hukikata inapooza. Maji huanza na sehemu zilizovurugika. Fuwele, ambamo minyororo imejipanga, huchelewa zaidi kukatika.