Alama hazipotei darasani, zinapotea kwenye makabidhiano

Matokeo ya muhula yakitoka na mwanafunzi akakuta INC (incomplete, yaani alama hazijakamilika) mahali palipopaswa kuwa na gredi, jibu la idarani ni lilelile: "Hiyo kozi alifundisha mhadhiri wa muda, mtafute yeye." Nimelisikia tena muhula huu, na safari hii limetoka kinywani mwa mratibu wa kozi yenyewe. Nimechoka nalo. Limekaa vinywani mpaka wanafunzi wanaamini kwamba part-time ni watu wa kupoteza alama, na wahadhiri wa muda wenyewe wanaamini kazi yao inaisha wanapofunga mlango wa darasa. Pande zote mbili zimekosea, na anayelipa ni mwanafunzi anayekaa mwaka mzima na kozi isiyo na gredi.

Tuanze na nani mwenye nini, na hapa nitapita haraka kwa sababu taratibu za vyuo vyetu Tanzania hazitofautiani sana. Kozi ni ya mratibu. Muhtasari wa kozi, ratiba ya majaribio, maswali, mwongozo wa kusahihishia, orodha ya wanafunzi na saini kwenye karatasi ya mwisho ya alama, vyote ni vyake, hata kama hajaingia darasani siku moja. Mhadhiri wa muda anawajibika kwa alichokabidhiwa kwa maandishi: mihadhara ya wiki fulani hadi fulani, kusahihisha kazi fulani, kukaa saa fulani kusikiliza wanafunzi. Mkufunzi wa semina anaendesha vikundi vyake, anachukua mahudhurio na kusahihisha kazi za vikundi hivyo. Mkuu wa idara anatafuta watu, anasaini malipo na kupeleka alama kwenye kamati ya mitihani. Kitu kisichoandikwa kwamba ni cha mhadhiri wa muda kinabaki kuwa cha mratibu.

Sasa saa. Kwa mfumo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, kwa hiyo kozi ya krediti 12 ni saa 120. Ikiwa na mihadhara ya saa 2 na semina ya saa 1 kila wiki kwa wiki 15, saa za ana kwa ana ni 45. Zilizobaki 75 mwanafunzi anasoma, anaandika kazi na kujiandaa na majaribio. Kazi hizo lazima mtu azitunge, azikusanye na azisahihishe. Chukua darasa la watu 240. Jaribio moja, dakika 6 kwa kila karatasi, ni dakika 1,440, yaani saa 24. Mtihani wa mwisho wa insha, dakika 12 kwa kila kijitabu cha majibu, ni dakika 2,880, yaani saa 48. Jumla saa 72 za kusahihisha dhidi ya saa 45 za kufundisha, na hujagusa kazi ya kikundi wala maandalizi ya mihadhara. Barua ya mkataba ikitaja saa 45 za darasani tu na kunyamaza kuhusu hizo 72, usishangae karatasi zikikaa kwenye buti ya gari mpaka mwezi wa pili baada ya mtihani. Huyu mtu ana kazi nyingine ya mchana na anafika chuoni saa 11 jioni. Saa za kusahihisha ziandikwe kwenye barua, zilipwe au zipewe mtu mwingine. Njia ya nne haipo.

Nije kwenye kinachonikera hasa: orodha.

Alama nyingi zinazoitwa "zilizopotea" hazijapotea. Zipo, ila ziko kwenye orodha isiyo sahihi. Angalia kozi zinazochangiwa na programu nyingi, kama stadi za mawasiliano au DS (Development Studies, masomo ya maendeleo). Darasa la 240 linagawanywa vikundi 8 vya semina vya watu 30, wakufunzi 4, kila mmoja vikundi viwili. Wiki ya kwanza mfumo una majina 170, kwa sababu wengine hawajamaliza usajili. Mkopo umechelewa, bumu (pesa ya kujikimu) halijaingia, ada haijatimia. Wanafunzi hao wanahudhuria kama kawaida, na mkufunzi anawaandika kwa penseli chini ya orodha. Wiki ya tatu ratiba zinagongana na wanafunzi wanahama vikundi kimyakimya: wa kundi C anakwenda kundi F kwa sababu Jumanne ana maabara. Mkufunzi wa F anamsahihishia jaribio na kumwandika mwishoni mwa karatasi yake. Mkufunzi wa C anaona jina lisilo na alama na kuacha wazi. Mwisho wa muhula mratibu anachukua orodha za mfumo, anajaza kutoka karatasi ya C kwa watu wa C na ya F kwa watu wa F, na yule aliyehama anapata INC akiwa amefanya kila kitu. Hapa mhadhiri wa muda aliyepoteza alama ni yupi?

Dawa yake ni kuwa na orodha mama moja, iliyoko kwa mratibu peke yake. Ifungwe mwisho wa wiki ya nne. Safu ya kwanza namba ya usajili, ya pili jina, ya tatu programu, ya nne kundi. Baada ya kufungwa, anayehama kundi anapeleka ombi kwa mratibu, si kwa mkufunzi, na mratibu anabadilisha safu ya nne na kuandika tarehe. Ambaye hajakamilisha usajili anaingizwa na alama ya nyota, hafutwi wala haachwi nje. Akisajiliwa, nyota inaondoka. Wakufunzi wanapokea nakala mpya kila inapobadilika, na kila nakala ina tarehe kwenye jina la faili. Ukimpa mkufunzi orodha isiyo na tarehe, umempa karatasi ya kufungia vitumbua.

Na unapopokea alama, oanisha kwa namba ya usajili, kamwe si kwa jina. Darasa la 240 litakuwa na akina Neema John wawili na akina Juma Hamisi watatu.

Kuna jambo la Excel ambalo vitabu vya taratibu za mitihani havilitaji, na limeharibu matokeo ya watu wengi. Mkufunzi anataka kuona nani ameongoza, anachagua safu ya alama peke yake na kuipanga kutoka juu kwenda chini. Programu inamuuliza kama apanue uchaguzi au aendelee na safu hiyo tu, anabofya haraka. Majina yamebaki palepale, alama zimehama. Kila mtu sasa ana alama ya mwenzake, na hakuna seli hata moja iliyo tupu ya kukushtua. Huenda usiligundue, maana mwanafunzi aliyekaribia kufeli akipata A atakaa kimya. La pili: ukiandika 7/10 kwenye seli, Excel inaigeuza kuwa tarehe. La tatu: namba inayoanza na sifuri inapoteza sifuri yake na hailingani tena na orodha mama. Kwa hiyo fanya safu ya namba kuwa ya maandishi kabla ya kuingiza chochote, andika alama kama namba kamili, na mtumie mkufunzi faili ambalo safu za majina zimefungwa asiweze kuzigusa.

Halafu seli tupu. Seli tupu, sifuri na "hakuwepo" ni vitu vitatu tofauti. Sifuri maana yake amefanya na hakupata kitu. "Hakuwepo" maana yake jina halipo kwenye karatasi ya mahudhurio ya jaribio. Seli tupu maana yake hatujui, na ni mratibu anayepaswa kujua kabla ya kusaini. Mkufunzi akijaza sifuri mahali ambapo hajui, ameshamfelisha mtu. Kwenye vyuo vinavyodai angalau 16 kati ya 40 za CA (alama za kazi na majaribio ya muhula) ndipo mtu aingie UE (mtihani wa mwisho), sifuri hiyo moja inaweza kumzuia kabisa mlangoni. Ukiwa hujui, andika "sijui". Ni neno halali kwenye karatasi ya alama.

Kuhusu usawa wa kusahihisha, wengi wanadhani mwongozo wa kusahihishia unatosha. Hautoshi. Kabla wakufunzi hawajagawana karatasi, wakae pamoja na karatasi 10 zilizonakiliwa, kila mmoja asahihishe zote peke yake, kisha walinganishe. Tofauti ikizidi alama 3 kati ya 20, tatizo liko kwenye mwongozo, urekebishwe papo hapo. Zoezi hilo linakula kama saa 2 na lazima lilipwe. Baadaye, ukikuta wastani wa vikundi vya mkufunzi mmoja ni 31 na wa mwingine 22 kati ya 40, usiongeze alama 9 kwa kundi zima ukadhani umetenda haki. Chukua karatasi 5 za kila upande, mbili za juu, moja ya katikati, mbili za chini, zisahihishwe upya na mtu wa tatu. Huenda kundi moja kweli ni la wanafunzi wenye nguvu zaidi.

Na hapa niseme wazi shaka yangu. Hata baada ya hayo yote, wasahihishaji wawili waangalifu wataipa insha ileile alama tofauti. Nimejaribu njia kadhaa za kuipunguza tofauti hiyo na haijawahi kuisha. Kanuni zetu zinaandika gredi kama kwamba mpaka kati ya B na B+ ni ukuta wa zege. Kwa masomo ya insha siuamini ukuta huo, na ndiyo sababu nasisitiza kila karatasi iliyo alama 1 chini ya mpaka isomwe na mtu wa pili.

Mhadhiri wa muda asiamue peke yake kuongeza muda wa kuwasilisha kazi, kurudia jaribio kwa aliyeugua, kuadhibu aliyenakili, au kubadilisha alama iliyokwisha kutangazwa. Hatunyimi watu heshima kwa kusema hivyo. Mkufunzi mmoja akiongeza siku tatu na mwingine akakataa, tumeendesha kozi mbili kwa jina moja. Akishuku kunakili, asahihishe kama kawaida, aambatishe ushahidi, ampe mratibu. Wala asibandike alama zenye majina kwenye kundi la WhatsApp. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na alama za mtu ni taarifa zake. Na kwa sababu ileile inayofanya karatasi ya mpakani isomwe na mtu wa pili, asiachwe mtu yeyote, wa muda au wa kudumu, awe peke yake na kauli ya mwisho juu ya alama ya mwanafunzi. Rushwa ya ngono ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha sheria ya rushwa ya 2007, nayo hustawi pale ambapo mtu mmoja anatunga, anasahihisha na kuingiza alama bila mwingine kutazama.

Wenzangu waratibu, upande wetu nao. Barua ya ajira ikitoka wiki ya sita, mtu amefundisha wiki tano bila kuwa mtumishi wa chuo: hana akaunti ya mfumo, hana barua pepe ya chuo, hana funguo za ofisi. Ataweka alama kwenye simu yake. Siku simu ikiibwa Ubungo tutasema amepoteza alama. Mratibu aanze kudai barua wiki mbili kabla muhula haujafunguliwa, na isipotoka, aweke faili la alama mahali ambapo yeye mwenyewe analifungua, alama ziingizwe humo ndani ya siku 14 za kila jaribio.

Vyuo vingine vinazuia malipo mpaka alama ziwasilishwe. Naelewa sababu, ila sina hakika kama inasaidia. Mtu aliyezoea kulipwa baada ya miezi minane hashawishiki na malipo yaliyozuiwa. Anaona ni uleule ucheleweshaji. Ningelipa nusu ya malipo katika wiki ya nane, alama za CA zikishaingia, na nusu baada ya UE.

Makabidhiano ya vijitabu yenyewe ni fomu ya nusu ukurasa. Ukumbini, saini za mahudhurio 238, vijitabu 238, vihesabiwe mbele ya msimamizi. Vikigawanywa kwa wasahihishaji, kila bahasha iandikwe idadi, namba ya usajili ya kwanza na ya mwisho, tarehe ya kutoka na ya kurudi, saini mbili. Vikirudi, vihesabiwe tena kabla mtu hajaondoka. Dakika 10.

Mwanafunzi mwenye INC aende kwa mratibu akiwa na vitu vinne: namba yake ya usajili, jaribio lenyewe na tarehe yake, kundi alilofanyia hata kama silo lake, na karatasi yake iliyosahihishwa kama alirudishiwa. Mratibu afungue karatasi ya mahudhurio ya siku hiyo. Jina likiwepo, kumtafuta mhadhiri wa muda, simu yake na bahasha yake ni kazi ya mratibu.