"Wamemwacha tu afe": dhana potofu kuhusu kushtua moyo wa mgonjwa

Saa ya kuona wagonjwa, kwenye korido za hospitali za Moshi na Arusha, kuna maneno yanayorudiwa na watu wenye uchungu wa kweli: "Wamemwacha tu afe, hata moyo hawakumshtua." Kushtua moyo ni kukandamiza kifua, na wakati mwingine kutumia mashine ya umeme, ili moyo uliosimama upige tena. Tusiwacheke. Tuwaeleze.

"Wakikandamiza kifua, ataamka." Tamthilia ndizo zilizotuaminisha hivyo. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walihesabu wagonjwa wa tamthilia za hospitali waliofanyiwa hivyo, wakakuta kama robo tatu yao walizinduka palepale. Kwenye wodi halisi, hata katika nchi tajiri, kati ya wagonjwa kumi ambao moyo umesimama wakiwa hospitalini, wanaorudi nyumbani ni wawili hivi. Na kazi yenyewe ni nzito: mikono imenyooka, uzito wote wa mabega unashuka katikati ya kifua, kinazama sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mbavu huvunjika mara nyingi. Sasa mfikirie bibi wa miaka 80 ambaye saratani imeshafika kwenye ini. Hata moyo ukirudi, na mara nyingi haurudi, saratani iko palepale, mbavu zimevunjika, na ubongo uliokosa oksijeni huanza kuharibika ndani ya dakika chache tu.

"Wakiona ni mzee, hawahangaiki." Kinachoangaliwa kwanza ni kilichousimamisha moyo, na kama kinaweza kuondolewa. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua, mtoto aliyezama mferejini, fundi aliyepigwa na umeme: hapo hakuna kusubiri. Aliyepoa kwa baridi kali naye ana hesabu yake, na sisi tunaoishi chini ya Kilimanjaro tunapaswa kuijua, kwa sababu baridi hulinda ubongo. Mwaka 1999 huko Norway, Anna Bågenholm alinasa chini ya barafu, moyo ukasimama, joto la mwili likashuka hadi nyuzi 13.7, na akapona. Umri peke yake hausemi mengi. Mzee wa miaka 75 aliyekuwa akipalilia migomba yake wiki iliyopita anaweza kuwa na nafasi kubwa kuliko mtu wa miaka 40 ambaye ini, figo na mapafu vimeshindwa kwa pamoja.

"Mashine ya umeme huamsha moyo wowote." Hapana. Inasaidia moyo unaotetemeka ovyo. Moyo uliotulia kabisa, mstari wa mapigo kwenye kioo cha mashine umelala, haushtuliwi kwa umeme.

"Ndugu ndio wanaoamua." Mgonjwa mwenye akili timamu ndiye msemaji wa kwanza. Asipoweza kuongea, ndugu huulizwa yeye mwenyewe angetaka nini, kisha uamuzi wa kitabibu unabaki kwa madaktari. Hapa ndipo familia zetu zinapoumizana. Kaka mkubwa anapiga simu kutoka Dar: "Fanyeni kila kitu!" Dada aliyemuuguza mama miezi yote amemsikia akisema amechoka, anataka kwenda kupumzika kihambani, kwenye shamba la nyumbani. Mambo haya yakiachwa hadi saa nane usiku nje ya chumba cha wagonjwa mahututi, dada ataitwa muuaji, na si haki. Ombeni kukaa na daktari wakati mama bado anaongea, na kaka awe kwenye simu asikie kwa masikio yake.

"Ikiandikwa asishtuliwe, basi ameachwa." Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, maana inawafanya watu wakatae mazungumzo ambayo yangewasaidia. Maandishi hayo kwenye faili yanahusu jambo moja tu: moyo ukisimama, kifua hakitakandamizwa. Dripu, antibiotiki, oksijeni, kuongezewa damu, kugeuzwa asipate vidonda vya mgongo, yote yanaendelea maadamu yanamsaidia. Hali ikibadilika, maandishi nayo yanaweza kufutwa. Maumivu yanatibiwa, ikibidi kwa mofini ya kunywa. Huduma hiyo ya kumpunguzia mgonjwa mateso inaitwa tiba shufaa. Hospitali ya Selian kule Arusha, kwa mfano, imekuwa ikiwafuata wagonjwa wa namna hii hadi majumbani. Iulizieni mapema, hata kama mgonjwa wenu bado yuko wodini na dawa zake zinaendelea.